Kadi za benki kwa mafundi saa na masonara: Fedha huingia leo, lakini huweza kuitwa kesho

KWA miaka mingi biashara ya fundi saa na ya sonara katika miji ya Afrika Mashariki imeendeshwa kwa utaratibu usio na utata. Mteja huja na saa iliyosimama au mkufu uliokatika, huelezwa gharama, huacha kitu chake pamoja na malipo ya awali, kisha hurudi siku aliyoambiwa akiwa na kiasi kilichobaki. Fundi hamkabidhi kitu chake mpaka fedha iwe mezani.

Utaratibu huo umeanza kubadilika. Wateja wengi wa mjini hawatembei tena na noti nyingi mfukoni, na watalii wanaoingia katika maduka ya masonara ya Mji Mkongwe, Zanzibar, wamezoea kulipa kwa kadi tangu makwao. Mabenki nayo yamekuwa yakisambaza mashine za kupokea kadi, maarufu kwa jina la POS, kwa wafanyabiashara wadogo ambao zamani hawakufikiriwa kabisa.

Hata hivyo, fundi anayeweka mashine hiyo juu ya meza yake anaingia katika mkataba wenye masharti ambayo hayafanani na yale ya fedha taslimu. Tofauti kubwa ni kwamba fedha iliyolipwa kwa kadi huweza kudaiwa irudishwe hata baada ya kazi kukamilika na mteja kuondoka na mali yake. Kwa muuza duka wa kawaida hilo ni usumbufu. Kwa mtu anayetengeneza mali ya wengine, linagusa msingi wenyewe wa kazi yake.

Safari ya fedha ya kadi

Mteja anapoingiza au kugusisha kadi yake kwenye mashine, wahusika wanne hufanya kazi kwa pamoja. Wa kwanza ni fundi mwenyewe. Wa pili ni benki ya fundi, ambayo ndiyo iliyompa mashine. Wa tatu ni mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard. Wa nne ni benki iliyotoa kadi ya mteja, ambayo inaweza kuwa katika mtaa huo huo au katika bara jingine.

Ndani ya sekunde chache mashine hutuma ombi la idhini. Ombi hilo hupita katika benki ya fundi, kisha katika mtandao wa kadi, na kufika katika benki ya mteja. Benki hiyo hutazama kama kadi ni hai, kama namba ya siri ni sahihi na kama salio linatosha, kisha hujibu. Karatasi inayotoka kwenye mashine ni ushahidi kwamba idhini imetolewa, lakini fedha yenyewe bado haijafika.

Mwisho wa siku mashine hufunga hesabu na kutuma orodha ya malipo yote. Hapo ndipo mabenki huanza kulipana, na kwa kawaida fundi huona fedha katika akaunti yake siku ya kazi inayofuata au baada ya hapo, kutegemea mkataba wake. Fundi anayehitaji kununua vipuri asubuhi ya Jumatatu hana budi kukumbuka kwamba malipo ya Jumamosi jioni yanaweza kuwa bado njiani.

Ni muhimu pia kujua kwamba malipo yaliyokosewa hufutwa kwa urahisi kabla ya hesabu ya siku kufungwa. Baada ya kufungwa, hayafutwi tena bali hurejeshwa kwa muamala mpya, na mteja huweza kusubiri siku kadhaa kabla ya kuiona fedha yake.

Ada huhesabiwa hata juu ya dhahabu

Huduma hii hailetwi bure. Kwa kila malipo, benki ya fundi hukata asilimia fulani iliyoandikwa katika mkataba. Sehemu ya makato hayo huenda kwa benki iliyotoa kadi, sehemu kwa mtandao wa kadi, na sehemu hubaki kwa benki ya fundi. Viwango hutofautiana kati ya nchi na nchi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2015, sheria imeweka ukomo wa sehemu inayokwenda kwa benki iliyotoa kadi kuwa asilimia 0.2 kwa kadi za akaunti na asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi. Pasipo na ukomo wa namna hiyo, mfanyabiashara hutegemea mazungumzo yake na benki.

Chukulia, kwa mfano tu, kwamba ada nzima ni asilimia 2.5. Kwa betri ya saa ya Sh10,000 makato ni Sh250. Kwa kazi ya kufungua saa, kuisafisha na kuirekebisha inayotozwa Sh200,000, makato ni Sh5,000. Mafundi wengi wangeweza kuvumilia kiasi hicho, hasa kama mashine inawaletea wateja ambao wangekwenda kwingine.

Lakini hesabu ya sonara ni tofauti. Mteja akitaka mkufu wake uongezwe urefu, dhahabu inayoongezwa inaweza kugharimu Sh600,000 wakati ujira wa fundi ni Sh100,000. Mteja akilipa Sh700,000 zote kwa kadi, makato ni Sh17,500. Ada hiyo haikukatwa kwenye ujira peke yake, bali kwenye gharama ya dhahabu pia, ambayo sonara ameinunua kwa bei ambayo huenda haimwachii faida kubwa. Ukiipima kwa ujira wake, ni sawa na asilimia 17.5.

Kwa sababu hiyo, baadhi ya masonara hupenda gharama ya dhahabu ilipwe moja kwa moja katika akaunti ya benki na kadi itumike kwa ujira tu. Huo ni utaratibu unaokubalika iwapo mteja anaelezwa mapema. Kumwongezea mteja ada juu ya bei kwa sababu tu anatumia kadi ni jambo jingine. Mikataba mingi ya mabenki na kanuni za mitandao ya kadi huweka masharti juu ya nyongeza hiyo au huikataza kabisa, na fundi anapaswa kusoma mkataba wake kabla ya kufanya hivyo.

Namba nne zinazomtambulisha fundi

Benki inapomsajili mfanyabiashara humpa namba ya tarakimu nne inayoonyesha aina ya biashara yake. Mafundi wa saa na vito wana namba yao, nayo ni 7631. Maduka yanayouza vito, saa na vyombo vya fedha yana namba 5944.

Tofauti hiyo si jambo la makaratasi tu. Mabenki huitumia kupima hatari ya biashara, kupanga ada na kutambua miamala isiyo ya kawaida. Fundi aliyesajiliwa kwa namba ya ukarabati, ambaye malipo yake ya kawaida ni makumi ya maelfu ya shilingi, akipokea ghafla mamilioni kwa ajili ya pete ya tanzanaiti aliyoiuza, benki inaweza kusimamisha fedha hiyo ili iulize maswali. Yule anayetengeneza na pia kuuza hana budi kulisema hilo siku ya kusajiliwa.

Aidha, wafanyabiashara wa madini na vito vya thamani wanatazamwa kwa karibu na sheria za kuzuia utakatishaji wa fedha haramu. Nchini Tanzania, Sheria ya mwaka 2006 inawataja miongoni mwa watu wanaopaswa kutoa taarifa za miamala yenye mashaka. Sonara asishangae, basi, benki inapomuuliza mambo ambayo haimuulizi muuza vitabu.

Pale haki ya kushikilia mali inapokwisha

Kiini cha suala zima kimo katika sheria ya zamani kuliko kadi. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, ambayo kwa sehemu kubwa ilifuata sheria ya India ya mwaka 1872, inamtambua mtu aliyekabidhiwa mali ya mwenzake ili aifanyie kazi. Mtu huyo, akiisha kuifanya kazi kwa nguvu na ujuzi wake kama walivyokubaliana, ana haki ya kuishikilia mali hiyo mpaka alipwe ujira wake.

Hiyo ndiyo dhamana ya fundi. Saa iliyomo kabatini ndiyo inayohakikisha kwamba mwenyewe atarudi na fedha. Haki hiyo, hata hivyo, hudumu kadiri mali inavyokuwa mikononi mwa fundi. Akiikabidhi, dhamana imekwisha.

Kwa fedha taslimu hilo halileti tatizo, maana makabidhiano hufanyika papo kwa papo. Kwa kadi, mteja huondoka na saa yake huku benki yake ikiwa bado ina mamlaka ya kuyapinga malipo. Akilalamika kwamba hakupata huduma, au kwamba huduma haikuwa kama alivyoelezwa, au kwamba si yeye aliyelipa, benki yake inaweza kuanzisha madai ya kurejeshewa fedha. Kiasi hicho huondolewa katika akaunti ya fundi, na fundi hutakiwa kujieleza ndani ya siku chache zinazotajwa na benki yake.

Muda wa kufungua madai si mfupi. Kwa kanuni za Visa, madai ya huduma isiyotolewa hufunguliwa ndani ya siku 120, na siku hizo huweza kuhesabiwa kuanzia tarehe ambayo mteja alitarajia kupata huduma, ilimradi jumla isizidi siku 540 tangu muamala ufanyike. Kwa saa inayosubiri kipuri kutoka Uswisi au Japani kwa miezi minne, maana yake ni kwamba malipo ya awali yaliyopokelewa Januari yanaweza bado kupingwa Agosti.

Si haki kuuona utaratibu huu kuwa ni hila dhidi ya wafanyabiashara. Uliwekwa ili kumlinda mwenye kadi dhidi ya wizi na dhidi ya wale wanaopokea fedha bila kufanya kazi, na bila ulinzi huo watu wengi wasingekubali kutumia kadi. Mteja aliyeacha pete ya ndoa ya marehemu mama yake na kurudishiwa nyingine nyepesi anastahili mahali pa kulalamika. Tatizo ni kwamba benki iliyo mbali haiwezi kuipima pete. Huamua kwa karatasi zilizowekwa mbele yake.

Stakabadhi iliyo kamili

Kwa hiyo dhamana ya fundi anayepokea kadi huhama kutoka kwenye saa iliyomo kabatini na kwenda kwenye stakabadhi aliyoiandika. Vipande vya karatasi vyenye jina la mteja na neno 'saa' havitoshi.

Stakabadhi ya kufaa huanza na hali ya kitu kinapopokelewa. Kwa saa, huandikwa aina yake, namba iliyochongwa kwenye mfuniko wa nyuma, mikwaruzo iliyopo, hali ya kioo na mkanda, na kama kuna dalili za maji kuingia ndani. Kwa dhahabu, huandikwa uzito uliopimwa mbele ya mteja, karati, na idadi ya mawe. Picha iliyopigwa kwa simu, yenye tarehe, huongeza nguvu kubwa.

Pili, huandikwa kazi itakayofanywa na isiyofanywa. Fundi akibadilisha kioo bila kurudisha uwezo wa saa kuzuia maji, hilo liandikwe. Kama vipuri si vya kiwanda kilichotengeneza saa, liandikwe pia. Malalamiko mengi ya huduma isiyolingana na maelezo huzaliwa na mambo ambayo hayakuwahi kuelezwa.

Tatu, huandikwa tarehe ya kukamilika, kiasi cha malipo ya awali, na kama kiasi hicho kitarudishwa iwapo mteja atabadili nia. Nne, na hili husahaulika zaidi, mteja hutia saini mara mbili: anapoacha kitu na anapokichukua. Mara nyingi anayelipa si anayechukua. Baba hulipa kwa kadi yake, kisha binti au kijana wa kazi hutumwa kufuata mzigo. Bila jina na saini ya aliyepokea, mwenye kadi akisema hakuona kitu, fundi hana la kuonyesha.

Inashauriwa pia malipo ya awali yasizidi gharama ya vipuri, na sehemu kubwa ilipwe siku ya kuchukua, mteja akiwa amekwisha kuikagua kazi. Kwa njia hiyo kiasi kinachoweza kulalamikiwa kwa ucheleweshaji huwa kidogo.

Chipu, namba ya siri na wateja wa mbali

Jambo jingine ni namna kadi inavyosomwa. Kadi za sasa zina chipu, kifaa kidogo ambacho ni vigumu kukinakili, tofauti na utepe wa sumaku ulioko nyuma ya kadi. Mwaka 2021 Mastercard ilitangaza mpango wa kuuondoa utepe huo hatua kwa hatua, kiasi kwamba ifikapo mwaka 2033 kadi zake zisiwe nao kabisa.

Malipo yakifanywa kwa chipu na namba ya siri, hasara ya kadi iliyoibwa kwa kawaida haimwangukii mfanyabiashara. Fundi akiupitisha utepe wa kadi yenye chipu, au akiandika namba za kadi kwa mkono kwenye mashine, mzigo huo huweza kumrudia yeye. Ndiyo maana mteja anayepiga simu kutoka nchi za nje, akisoma namba ya kadi na kuomba saa aliyoiacha itumwe kwa mtu mwingine, ni wa kutazamwa kwa makini hata kama ni mkweli.

Vile vile, fedha iliyolipwa kwa kadi hurudishwa kwenye kadi ile ile. Mtu anayelipa zaidi ya bei na kuomba chenji ya noti, au anayeghairi kazi na kutaka arejeshewe kwa njia nyingine, huenda anatumia kadi isiyo yake. Mwenye kadi halisi atakapolalamika, fundi atakuwa amelipa mara mbili.

Daftari la fundi nalo lisigeuke hatari. Viwango vya usalama wa kadi vinavyojulikana kama PCI DSS, vilivyotolewa kwanza Desemba 2004, vinakataza kuhifadhi tarakimu tatu za nyuma ya kadi baada ya idhini kutolewa. Hakuna sababu ya kuandika namba ya kadi kwenye stakabadhi, na tarakimu nne za mwisho zinazochapishwa na mashine zinatosha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote zinamhusu anayetunza majina na simu za wateja.

Ikumbukwe pia kwamba karatasi ya POS si risiti ya kodi. Fundi wa Tanzania anayetakiwa kutumia mashine ya EFD hana budi kutoa risiti yake mbali na karatasi ya benki.

Simu au kadi?

Wapo watakaouliza kwa nini fundi ajisumbue wakati malipo ya simu yamekwishaenea. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na leo namba ya kulipia biashara imebandikwa hata kwenye vibanda vya mafundi saa Kariakoo. Kwa betri na mikanda, simu huenda ikatosha. Fedha huonekana mara moja, ingawa nako kuna ada, na kampuni za simu zina taratibu za kushughulikia miamala iliyopelekwa kimakosa.

Kadi ina nafasi yake pale kazi inapokuwa ya thamani kubwa, au mteja anapokuwa mgeni asiye na laini ya simu ya hapa. Fundi anayezikataa kadi kabisa huwapoteza wateja hao. Anayezipokea bila maandalizi hubaki akitegemea uaminifu wa mtu ambaye huenda asimwone tena.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi anayefikiria kuchukua mashine ya POS anaweza kuanza na mambo matatu kabla ya kutia saini: kuuliza ada yote pamoja na kodi ya mashine, kuuliza ana siku ngapi za kujibu malalamiko ya mteja, na kuchapisha kitabu cha stakabadhi chenye nafasi ya saini mbili. Hilo la tatu halihitaji benki wala umeme, na linamfaa hata yule ambaye wateja wake wote bado wanalipa kwa noti.